Kutoka Miteremko ya Meru hadi Bahari ya Hindi: Njia ya Kijana Anayetaka Kufanya Kazi na Wanyama wa Baharini

Na Mwandishi Wetu, Arusha

Siku chache baada ya matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne kutangazwa, mzazi mmoja kutoka wilayani Arumeru alifika katika ofisi yetu ya habari akiwa ameongozana na binti yake. Shauri lao lilihusu tahasusi. Binti alikuwa amechagua Kemia, Baiolojia na Jiografia, yaani CBG, kwa kuwa anataka kufanya kazi na kasa, papa na nyangumi. Baba alitaka atumie muda uliotolewa na Ofisi ya Rais – TAMISEMI wa kubadili tahasusi ili ahamie masomo ya biashara.

Baba hakuwa mkali, wala hakuidharau ndoto ya mwanawe. Hoja yake ilikuwa moja, nayo ilikuwa na uzito. Mtoto hajawahi kuiona bahari. Katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kuwa mvuvi. Kutoka Arusha hadi Tanga, ambako ndiko pwani iliyo karibu, ni safari ya zaidi ya kilomita 400. Nani, akauliza, atamwajiri mtoto wa mlimani kazi ya baharini na kumwacha aliyezaliwa Pangani au Mafia?

Siku ile hatukuwa na jibu lililokamilika. Makala haya ndiyo jibu hilo, ingawa limechelewa kidogo.

Tuanze na jiografia, kwa kuwa ndiyo iliyomtia mzazi huyo hofu. Mito ya Themi, Nduruma na Usa, inayoshuka kutoka Mlima Meru, huingiza maji yake katika Mto Kikuletwa. Kikuletwa humwaga maji katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka bwawani hapo Mto Pangani huendelea na safari hadi Bahari ya Hindi, katika mji wa Pangani mkoani Tanga. Kaskazini ya mlango wa mto huo ndipo inapoanzia Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, inayofuata pwani hadi kupita Jiji la Tanga. Kwa maneno mengine, maji yanayopita nyuma ya nyumba ya familia ile huishia kwenye mlango wa hifadhi ya bahari. Maji matamu yanapopungua mtoni kwa sababu ya matumizi ya huku juu, maji ya chumvi hupanda mtoni kule chini, na mashamba na viumbe wa eneo hilo huathirika. Mtaalamu wa bahari asiyejua yanayotokea Arumeru na Hai hujua nusu tu ya kazi yake.

Silikanti mwenyewe anastahili maelezo mafupi. Ni samaki ambaye wanasayansi waliamini alitoweka duniani katika zama za dinosaria, zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Aliyemtambua kuwa si samaki wa kawaida hakuwa profesa. Alikuwa Marjorie Courtenay-Latimer, mwanamke kijana aliyesimamia jumba dogo la makumbusho katika mji wa East London, ambaye alikuwa na mazoea ya kwenda bandarini kukagua samaki walioletwa na meli za uvuvi. Nchini Tanzania, silikanti walianza kuripotiwa mwaka 2003, na katika miaka iliyofuata makumi kati yao walinaswa na nyavu za jarife zilizotegwa kwenye kina kirefu, hasa katika eneo la Kigombe mkoani Tanga. Mwaka 2009 eneo hilo likatangazwa kuwa hifadhi ya bahari.

Hiyo ni mojawapo ya hifadhi tatu za bahari zinazosimamiwa na Taasisi ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, inayofahamika kwa kifupi kama MPRU, iliyoundwa chini ya Sheria Na. 29 ya mwaka 1994. Nyingine ni Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza nchini, iliyotangazwa mwaka 1995, na ile ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma mkoani Mtwara, ya mwaka 2000. Tanzania ina ukanda wa pwani wenye urefu wa kilomita 1,424 na eneo la bahari kuu la kiuchumi linalokadiriwa kuwa na kilomita za mraba 223,000. Ni eneo kubwa, na wanaoliangalia kitaalamu si wengi.

Pamoja na ukubwa huo, ni vyema kijana aondolewe mapema picha anazozipata katika filamu. Kazi ya kumfundisha pomboo kurukia mpira mbele ya watazamaji haipo nchini. Kuogelea ubavuni mwa nyangumi si kazi ya mtu yeyote anayelipwa mshahara na Serikali. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kuhesabu, kupima, kuandika na kuzungumza na watu.

Mfano mzuri ni kasa. Katika bahari yetu wapo kasa wa aina tano, na wawili kati yao, kasa wa kijani na ng'amba, hutaga katika fukwe za Tanzania, ikiwemo Mafia na ufukwe wa Madete katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Anayefuatilia viota huamka kabla ya mapambazuko na kutembea ufukweni kabla maji hayajapanda na kufuta nyayo. Kwa kuzisoma nyayo hizo hutambua kama kasa alitaga au alighairi na kurudi baharini. Kiota kimoja huweza kuwa na mayai mia moja au zaidi, na huchukua takribani miezi miwili kuanguliwa. Kiota kikiwa chini ya mstari wa maji makuu, mayai huhamishwa kwa mkono ndani ya saa chache tangu yatagwe, tena bila kugeuzwa juu chini, kwa kuwa kiinitete kikishajishikiza juu ya ganda kwa ndani, kuligeuza yai ni kukiua. Baada ya watoto kuondoka, kiota hufukuliwa tena: maganda huhesabiwa, mayai yaliyoharibika huhesabiwa, na waliokufa njiani nao huhesabiwa. Joto la mchanga ndilo huamua jinsia ya watoto, mchanga wenye joto zaidi ukitoa majike, hivyo kipimajoto nacho ni kitendea kazi. Yote haya huandikwa katika fomu, na fomu iliyojazwa vibaya humaanisha msimu mzima uliopotea.

Jambo la kuzingatia ni kwamba wengi wanaofanya kazi hiyo ya alfajiri ni wanakijiji, baadhi yao wakiwa wavuvi. Shirika la Sea Sense, ambalo limejishughulisha na uhifadhi wa kasa na nguva katika pwani ya Tanzania tangu mwaka 2001, limejengwa juu ya watu wa namna hiyo. Mhitimu wa chuo kikuu anayefika ufukweni akiamini kuwa yeye ndiye mwalimu na wao ni wanafunzi atakuwa na mwaka mgumu.

Huko Mafia kazi ni tofauti kidogo. Kuanzia mwezi Oktoba hadi Machi, papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, huonekana karibu na Kilindoni, mara nyingi mbele ya macho ya wavuvi wa dagaa. Watafiti humpiga picha upande wa ubavu, nyuma ya matamvua, kwa kuwa mpangilio wa madoa ya kila papa potwe ni wake peke yake, kama zilivyo alama za vidole kwa binadamu. Kwa njia hiyo hujulikana ni nani aliyerudi mwaka huu na nani ambaye hajaonekana. Kazi ya jioni, baada ya mashua kurudi, ni kukaa mbele ya kompyuta na kulinganisha picha moja baada ya nyingine mpaka macho yaume.

Upande wa watu ndio mgumu zaidi, na vitabu huugusa kwa juu juu tu. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake zinakataza kuvua kasa, nguva na wanyama wengine wa baharini walio hatarini. Lakini mvuvi hakutega nyavu yake ili anase kasa. Kasa ameingia, ameichana nyavu, na nyavu hiyo ndiyo ada ya shule ya watoto wa mvuvi. Afisa anayefika hapo ana mambo mawili ya kuokoa kwa wakati mmoja: uhai wa mnyama, na utayari wa mvuvi yule kupiga simu siku nyingine. Akiokoa la kwanza na kuliua la pili, wanyama kumi watakaofuata atawasikia kwa tetesi. Anayependa wanyama kwa sababu amechoshwa na watu hataifurahia kazi hii, na ni heri alijue hilo akiwa bado kidato cha nne.

Sasa turudi kwenye swali la mzazi: nani ataajiri? Mwajiri mkubwa ni Serikali. Wizara ya Mifugo na Uvuvi na halmashauri huajiri maafisa uvuvi, wakiwemo wasaidizi wenye stashahada, ambao hutoa leseni, hukagua zana na mazao ya uvuvi na hushirikiana na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, maarufu kama BMU. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, yaani TAFIRI, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1980, hufanya utafiti baharini na katika maziwa makuu. MPRU huajiri wahifadhi wa bahari. Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, ambayo ni chombo cha pande zote mbili za Muungano chenye makao Zanzibar, inasimamia uvuvi wa meli za mbali na pwani, shughuli inayohitaji waangalizi wanaokaa melini na kuandika kinachovuliwa na kinachotupwa. Maabara ya Taifa ya Udhibiti wa Ubora wa Mazao ya Uvuvi iko Nyegezi, Mwanza. Nje ya Serikali yapo mashirika ya uhifadhi, makampuni ya utalii wa baharini na wafugaji wa samaki, kaa na majongoo bahari.

Kuna mwajiri mwingine ambaye mzazi yule hakumfikiria, ingawa ni jirani yake. Makao makuu ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, yako hapa hapa Arusha, na moja ya hifadhi zake, Saadani, ina tembo na simba upande mmoja na mazalia ya kasa upande wa pili. Aidha, Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963 kwenye miteremko ya Kilimanjaro, hakiko mbali. Kijana anayeingia katika uhifadhi kwa njia hiyo hana uhakika wa kupangiwa Saadani, lakini bahari haiko nje ya ramani yake.

Ni haki kusema wazi kwamba nafasi za kufanya kazi na kasa, nguva au nyangumi peke yao ni chache mno. Kwa maoni ya mwandishi, anayemtaka nyangumi na aanze na dagaa. Sifa ya kitaaluma katika uvuvi au ukuzaji viumbe maji humpa kijana uwezo wa kuajiriwa au kujiajiri mahali pengi, ikiwemo Arusha, huku akisubiri na kuitafuta nafasi ya baharini. Sifa finyu iliyojengwa juu ya mnyama mmoja humwacha mikononi mwa wafadhili wa miradi ya miaka miwili miwili.

Njia za masomo ni mbili. Ya kwanza ni ya astashahada na stashahada, inayosimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, NACTVET, na humfaa hata aliyeishia Kidato cha Nne akiwa na ufaulu unaotakiwa katika masomo ya sayansi. Hapa mlango mkuu ni Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, yenye kampasi ya Mbegani wilayani Bagamoyo kwa upande wa bahari, Mikindani mkoani Mtwara, Nyegezi jijini Mwanza, Kibirizi mkoani Kigoma na Gabimori wilayani Rorya. Wanafunzi wa FETA hushika nyavu, injini na visu vya kuchakatia samaki, na hutoka wakiwa wanajua bei ya mafuta ya boti, jambo ambalo wahitimu wengi wa shahada hulijua wakiwa wamechelewa.

Njia ya pili ni ya shahada. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Shule Kuu ya Sayansi za Majini na Teknolojia ya Uvuvi, pamoja na Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar tangu mwaka 1978. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hutoa shahada ya ukuzaji viumbe maji na pia ile ya udaktari wa wanyama, na Chuo Kikuu cha Dodoma nacho kinafundisha masuala ya viumbe maji. Kwa atakayefika ngazi ya uzamili, Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iko Tengeru, chini ya Mlima Meru, ambako mtu anaweza kusoma sayansi za uhai na mazingira akirudi nyumbani kula chakula cha jioni.

Katika zote hizo, Kemia na Baiolojia ndizo nguzo. Fisika humsaidia anayevutiwa na mikondo na mawimbi au udaktari wa wanyama. Hisabati hubezwa na wanafunzi wengi wa baiolojia, kisha huwarudia kwa jina la takwimu, na bila takwimu hakuna mtafiti. Hivyo CBG ya binti yule haikuwa kosa, na PCB ingempanulia wigo. Kuhamia masomo ya biashara ndiko kungelifunga lango.

Tahadhari moja kuhusu majina. Chuo cha Bahari Dar es Salaam, kinachofahamika kama DMI, ni chuo cha Serikali chenye heshima yake, lakini kinafundisha ubaharia, uhandisi wa meli na usafirishaji. Kijana anayetaka kasa akijaza fomu ya chuo hicho kwa sababu ya neno "bahari", atajikuta anasoma mitambo ya meli.

Kabla ya chuo, kuna mengi ya kufanya Arusha bila gharama kubwa. Mkazi wa kuzunguka Mlima Meru anajua jambo ambalo mwenzake wa pwani huenda hajawahi kulifikiria: maji yanayoonekana safi kwa macho yanaweza kuwa na kitu kingine ndani yake. Floridi inayotokana na miamba ya volkano imeacha alama za kahawia kwenye meno ya vizazi kadhaa katika vijiji vyetu. Huo ni utangulizi wa kemia ya maji, na umo kinywani mwa mtu. Katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, maziwa ya Momela yamekaa jirani kabisa, lakini kila moja lina kiwango chake cha madini, na kwa sababu hiyo lina rangi yake, mwani wake na ndege wake, wakiwemo flamingo. Ziwa Duluti, lililoko Tengeru, ni la kreta, na lina samaki. Mwanafunzi anayejiuliza kwa nini huyu anaishi hapa na hawezi kuishi pale, kilomita chache tu mbele, ameshaanza sayansi ya bahari. Swali hilo hilo ndilo linaloulizwa katika mlango wa Mto Pangani, ambako maji matamu na ya chumvi hukutana mara mbili kila siku.

Vivyo hivyo, mabwawa ya perege na kambale ya wafugaji wa Arumeru ni shule. Mfugaji hatamkataa kijana anayejitolea kulisha samaki na kuandika kila siku joto la maji, kiasi cha chakula na idadi ya waliokufa. Daftari la miezi sita lenye tarakimu za kweli lina thamani kubwa kuliko cheti cha semina ya siku mbili, na mwandishi amewahi kuona wasailiwa wakiulizwa maswali yaliyohitaji daftari la aina hiyo. Aliye na nauli anaweza kufika Nyumba ya Mungu, kwenye wavuvi wengi walio karibu na Arusha, akaona samaki wanavyopimwa, kuuzwa na kukaushwa. Klabu za Malihai, ambazo nazo chimbuko lake la usimamizi liko Arusha, zimewalea wanafunzi wengi katika elimu ya uhifadhi. Hakuna kinachoizuia klabu ya shule ya Arumeru kujifunza habari za mto wake hadi unapoishia.

Kisha kuna suala la kuogelea, ambalo watu wa huku hulionea haya. Mwandishi wa makala haya alizaliwa mlimani na aliiona bahari kwa mara ya kwanza akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, katika ziara ya Kunduchi. Wenzetu wa Tanga na Unguja waliingia majini kabla mhadhiri hajamaliza maelezo. Sisi wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara tulibaki mchangani tukiwa tumekunja suruali, tukijifanya tunakusanya makombe. Hakuna aliyetucheka, lakini orodha ya watakaopanda mashua siku iliyofuata ilipopangwa, majina yetu hayakuwemo. Kuogelea hakuulizwi katika mtihani wa Baiolojia, ila huamua nani apewe kazi ya majini. Kujifunza kunawezekana Arusha, katika mabwawa ya kuogelea ya hoteli na ya baadhi ya shule, chini ya mwalimu. Ziwa Duluti na mito si mahali pa kujifunzia, kwa kuwa kingo za ziwa la kreta huzama ghafla. Kupiga mbizi kwa mitungi ya hewa ni hatua ya baadaye, ina gharama, na huwahusu zaidi wanaofanya kazi kwenye matumbawe. Si sharti la kuanza.

Lipo na somo la lugha, ingawa wote tunasema Kiswahili. Mtu wa bara husema "maji yamejaa" na kuishia hapo. Mvuvi hutofautisha bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi nyakati za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na maji mafu, yanapotikisika kidogo tu. Wanaotafuta pweza kwa miguu huingia miambani wakati wa bamvua, na mtafiti anayetaka kuwahesabu pweza hao sharti aende nao. Kaskazi na kusi si majina ya pande za dunia pekee bali ni pepo zinazopanga mwaka: wakati wa kusi bahari huchafuka, mashua nyingi hubaki ufukweni, na ratiba iliyoandikwa ofisini haina nguvu. Kijana wa mlimani anayajua majira ya masika na vuli kwa sababu ya mahindi. Haya nayo atayajua kwa kukaa na wenye nayo.

Kwa wanaodhani kuwa kazi hii si ya wanawake, au si ya watu wa bara, ipo mifano ya wazi. Katika Taasisi ya Sayansi za Bahari, Dkt. Narriman Jiddawi alifanya kazi kwa miaka mingi na wanawake wa vijiji vya Zanzibar katika uhifadhi na ufugaji wa chaza, na Dkt. Flower Msuya anajulikana ndani na nje ya nchi kwa utafiti wa kilimo cha mwani. Na Msuya, kama wengi wajuavyo, ni jina la milima ya Upare.

Ieleweke pia kwamba uvuvi, ukiacha ule wa bahari kuu, si jambo la Muungano. Zanzibar ina Wizara yake ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, iliyoundwa mwaka 2020, na taratibu zake za ajira. Kijana wa Arusha anaweza kusoma au kufanya utafiti Zanzibar, ambako pia ndiko yaliko makao ya WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa Magharibi ya Bahari ya Hindi inayotoa ruzuku za utafiti. Lakini anapotafuta ajira ya umma ajue anaomba katika Serikali ipi.

Kuhusu fedha, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hutoa mikopo kwa wenye sifa katika ngazi ya shahada, na tangu mwaka wa masomo 2023/2024 ilianza kutoa pia kwa baadhi ya fani za stashahada. Mwongozo hutolewa upya kila mwaka, na ndio wa kufuata, si maelezo ya jirani. Nafasi za ajira Serikalini hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na kuomba ni bure. Ujumbe wa simu unaomtaka mwombaji atume "fedha ya fomu" ili apelekwe melini au hifadhini ni utapeli, na upelekwe polisi. Vilevile, baadhi ya nafasi za kujitolea zinazotangazwa mtandaoni zimelenga wageni wanaolipa ili wahudumu, hivyo kijana wa Kitanzania aulize kwanza, kwa maandishi, kama atatakiwa kulipa na atapata nini.

Binti yule alibaki na tahasusi yake, kwa sharti alilotoa baba: kabla ya kwenda Kidato cha Tano, waende pamoja kuiona bahari. Basi la Tanga huondoka Arusha asubuhi na kufika siku hiyo hiyo. Tulimshauri mzazi aanzie ofisi ya hifadhi ya bahari iliyoko Tanga kuuliza utaratibu wa wageni, kisha wafike Kigombe saa ambayo mashua zinarudi. Binti aliuliza abebe nini. Tulimwambia abebe daftari, kalamu mbili, na kofia.